Kutu Isiyojulikana na Ngano

Ndugu zangu, kaeni. Leo nawapeleka kwenye miinuko ya kusini, kule ambako mwezi wa sita ukiamka asubuhi unakuta nyasi zimeganda na mtu hatoki nje bila koti. Kwenye bonde moja la huko watu wanalima ngano. Kuna viazi, kuna miti ya mbao, lakini ngano ndiyo inayowapa ada za watoto na bati za nyumba. Kwenye bonde hilo alikuwepo mkulima mmoja, jina lake Obadia Tweve, na habari zake ndizo ninazotaka mzisikie.

Obadia ujanani alikuwa mtu wa ulanzi. Nyie mnaotoka kule mnaujua ulanzi, ile pombe inayogemwa kwenye mianzi. Alikunywa mpaka mke wake, Sikitu, akarudi kwao na watoto. Halafu akaacha. Sitawaeleza aliachaje, maana hiyo ni habari nyingine. Aliacha kweli, mke akarudi, na tangu hapo Obadia akawa hapiti hata jirani na kilabu. Njia ya kwenda shambani kwake ilipita hapo hapo kilabuni, naye akawa anazunguka kwa juu, kwenye mteremko mkali, mvua inyeshe au jua liwake. Watu wakimwona anapanda ule mlima na jembe begani wakawa wanaambiana: yule amebadilika. Na walikuwa wanasema kweli.

Mwaka ule ule alioacha pombe, bonde zima likapigwa na kutu. Namaanisha ugonjwa wa ngano. Ni ukungu, ila hauonekani kama ukungu wa mkate. Unatoka kwenye shina kama vidonda vidogo virefu vya rangi ya matofali, na ukipitisha kidole, kidole kinatoka na unga mwekundu. Unga ule ndiyo mbegu ya ugonjwa. Upepo ukivuma unaubeba kutoka shamba hadi shamba, kutoka wilaya hadi wilaya. Mwaka ule uliingia wakati punje bado ni maziwa. Mashina yakakatika, ngano ikalala chini, na walipopura wakapata punje nyembamba kama mbegu za binzari, ambazo hata kuku walizipita.

Shamba moja tu lilisimama, kipande kidogo cha Obadia. Mtaalamu mmoja wa magonjwa ya mimea, Bi Namsifu, alikuwa amempa mbegu mpya aijaribu. Kutu ilizunguka kile kipande pande zote na haikuingia.

Obadia hakuificha mbegu ile. Nataka mlijue hilo, msije mkamhukumu mapema. Aliigawa. Kila aliyekuja alipewa kidogo, akaenda kuizidisha, na baada ya misimu michache bonde lote lilikuwa ngano ya aina moja, urefu mmoja, rangi moja, ukisimama juu kama umetandikiwa mkeka. Wakaunda kikundi, wakamchagua mwenyekiti. Kanisani wakamchagua mzee wa kanisa. Akawa mtu ambaye jambo halianzi mpaka afike.

Sasa, mwaka wa ule ugonjwa walikuwa wameweka utaratibu mzuri. Kila wiki watu walitembea mashambani pamoja, wakiinama na kufunua majani, wakitazama mashina. Mwaka wa kwanza walikwenda wote. Baadaye wakaenda wachache. Mwishowe kwenye kikao mtu akauliza kama kuna haja, na Obadia mwenyewe akasema mbegu hii inajilinda, watu waende wakafanye kazi nyingine. Ikaishia hapo. Hakuna aliyepinga, kwa sababu kuinama siku nzima kwenye ngano yenye umande si jambo la raha.

Bi Namsifu alipita siku moja kuwatembelea. Aliingia shambani kwa Obadia, akachuma jani, akamwonyesha vidoa vidogo vidogo vya njano, vikavu katikati. Akamweleza kwamba kila kidoa ni mahali ambapo kutu ilijaribu kuingia ikashindwa. Ngano inaitambua kutu kwa alama moja iliyo nayo, na ikishaitambua inaua yenyewe kipande kidogo cha jani lake, ili kutu ikose kitu kizima cha kula na ife hapo hapo. Akamwambia kwamba kutu haijaondoka, inakuja kila siku. Akamshauri wachanganye mbegu, na wasiache kutembelea mashamba. Obadia alimsikiliza kwa heshima. Sikitu akamwandalia viazi na maharage. Mgeni akaondoka, na lile jani likabaki juu ya meza mpaka likafagiliwa.

Miaka ikapita. Sifa za bonde zikafika mbali. Msimu mmoja wakulima wa wilaya nyingine wakaomba kuja kujifunza na kuagiza mbegu. Ikapangwa Jumamosi. Maandalizi yakawa makubwa kama ya harusi: mbuzi, turubai, na wanakwaya wakashona sare.

Jumatano ya wiki hiyo akaja nyumbani kwa Obadia mwanamke mmoja anayeitwa Zelina Mahenge, mwenye shamba la pembeni kabisa, kule juu. Zelina alikuwa mjane, na tuseme ukweli, alikuwa msemaji. Aliwahi kutangaza kwamba nzige wanakuja, wakawa panzi wa kawaida. Kwa hiyo Obadia alipomwona anafungua lango, alikuwa ameshachoka kabla hajasikia neno.

Zelina akasalimia, akasema, "Mwenyekiti, kuna kitu kwenye mashina yangu. Nimeshika, mkono umetoka mwekundu."

"Ni vumbi la barabara, mama. Magari ya mbao yanapita hapo kwako kutwa."

"Vumbi nalijua. Njoo tu uangalie."

Obadia akamwambia atakwenda baada ya wageni. Kisha akamwomba, kwa sauti ya upole kabisa, asiende kulisema jambo hilo kwa watu wengine, maana angewatia hofu bure na bonde lingeaibika. Zelina alimjua kama mzee wake wa kanisa. Akasema sawa, akaondoka, na hakumwambia mtu.

Ijumaa asubuhi Obadia akaenda shambani kwake kuchagua mahali wageni watakaposimama. Alitaka sehemu iliyo bora kuliko zote. Akaikuta, upande wa chini, ambako masuke yalikuwa yamejaa. Akapitisha mkono kwenye ngano jinsi mtu anavyompapasa mtoto kichwani, akauinua. Kiganja kilikuwa na unga wa rangi ya matofali.

Akainama na kufunua majani. Vile vidonda alivikumbuka, havikuwa na tofauti na vya zamani. Akakaa chini pale pale kwenye umande. Ndugu zangu, mtu huyu alijua. Sitaki tumtafutie pa kujifichia. Alijua kwamba akipiga simu asubuhi ile, Bi Namsifu atakuja na dawa, na kwamba ukungu huu ukiwahiwa unaweza kuzuiwa. Alijua pia kwamba akipiga simu, hakuna wageni. Watu watauliza ile mbegu inayojilinda imekuwaje. Watamwuliza yeye.

Akajiambia: Jumatatu. Siku mbili tatu zina nini?

Akang'oa mashina yenye vidonda aliyoyaona karibu, akayatia mfukoni mwa koti, akaenda kuyazika nyuma ya zizi. Halafu akanawa. Sikitu alimwona akinawa mara ya pili na ya tatu, akamwuliza amegusa nini. Akamjibu, oili ya baiskeli.

Jumamosi wageni wakaja. Wakaimbiwa, wakala, wakapelekwa shambani, wakapita katikati ya ngano na nguo zao, wakasifu, wakaagiza mbegu. Obadia aliongea vizuri kuliko siku zote. Jioni wakapanda gari na kurudi kwao, na walichobeba kwenye nguo na viatu hawakukijua.

Jumapili ukungu wa mvua ukashuka bondeni na kukaa. Kwa kutu hiyo ndiyo hali ya hewa inayoipenda. Jumatatu Obadia akapiga simu. Bi Namsifu alipofika na kutembea kuanzia juu hadi chini, uso wake uliwaambia kabla ya mdomo. Mabomba yakakusanywa, dawa ikapigwa palipofikika. Mashamba machache ya chini, ambayo yalipandwa mwishoni, yakaokoka. Mengine yote, ule mkeka mzima, yakawa ya kahawia, kisha meusi, kisha yakalala.

Wakaitana kwenye uwanja mbele ya ghala. Watu walikaa, wengine kwenye matofali, wengine chini. Bi Namsifu akawaeleza taratibu, naye alikuwa na huzuni kama wao. Akasema mbegu haijachoka wala haijadanganya, ipo vile vile ilivyokuwa mwaka wa kwanza. Tatizo ni kwamba iliijua kutu kwa alama moja tu. Kutu zinazaliwa nyingi kupita kuhesabika, na katika wingi huo ikatokea moja iliyopoteza ile alama. Ikatua kwenye jani, jani halikuona adui. Halikupigana kwa sababu halikujua kama kuna vita. Na kwa kuwa bonde zima lilikuwa ngano ile ile, mlango uliofunguka kwa shina moja ulikuwa umefunguka kwa yote.

Mzee mmoja akauliza, sasa kosa ni la nani?

Bi Namsifu akajibu kwamba kwa kubadilika kwa kutu, si kosa la mtu. Dunia nzima inapambana na jambo hili.

Mliona? Hapo Obadia alikuwa ameshapona. Mlango wa kutokea alifunguliwa na mtaalamu mwenyewe, mbele za watu. Watu wakaanza kuinuka, wakijikung'uta vumbi, wakiambiana kwamba ndiyo hivyo, si kosa la mtu. Kuna waliomjia kumpa pole. Mmoja akamwambia, mwenyekiti, wewe ulifanya uliloweza.

Nadhani ni neno hilo lililomshinda. Akasema, "Kaeni kwanza."

Wakakaa.

"Niliiona Ijumaa," akasema. "Kabla ya wageni. Niling'oa mashina nikayazika nyuma ya zizi langu. Na kabla ya Ijumaa Mama Zelina alikuja kuniambia, nikamnyamazisha."

Sikitu, aliyekuwa amekaa na wanawake wenzake, akainamisha kichwa. Mtu mmoja akamgeukia Bi Namsifu na kumwuliza kama siku zile zingebadilisha kitu. Bi Namsifu akasema ndiyo, si kwa mashamba yote, lakini kwa mengi. Na akasema lazima aondoke sasa hivi kuwapigia simu wale wageni.

Zelina ndiye aliyesimama. Watu walidhani atamwaga yote aliyokuwa nayo moyoni, maana walimjua. Akauliza jambo moja tu. "Mzee, mimi nilikuja kwako kwa sababu nilijua wewe huwezi kudanganya. Ilikuwaje?"

Obadia akamjibu, "Mama, miaka yote hii nimelinda mlango wa kilabu. Nilikuwa nazunguka mlima kuukwepa ulanzi, na kila nikifika juu nasema, leo nimeshinda. Ijumaa ile hapakuwa na harufu ya ulanzi. Sikujua kwamba naanguka."

Ndivyo alivyosema, na hakuongeza.

Msitegemee niwaambie kwamba walimkumbatia. Wengine hawakumsalimu tena mpaka leo. Kuna familia iliyofunga nyumba ikaenda kuchuma chai, ikarudi baada ya miaka. Uenyekiti aliuacha siku ile ile, wakampa Zelina. Na Zelina jambo la kwanza alilofanya ni kurudisha utaratibu wa kutembelea mashamba kila wiki. Bi Namsifu akawaletea mbegu za aina mbalimbali, nyingine zenye kinga zaidi ya moja ndani yake, akawaeleza kwamba hata hizo zisiwape usingizi. Walipogawana maeneo ya kukagua, mtu akasema Obadia asipewe. Zelina akasema, "Apewe. Huyu anajua inavyofanana siku ya kwanza, na anajua mtu anavyojiambia akiiona." Wakampa upande wa juu. Anakwenda mpaka sasa. Msimu mmoja aliikuta tena, shina moja tu, akapiga simu akiwa bado amelishika.

Sasa nawageukia ninyi. Au niseme sisi, maana na mimi nimo humu.

Najua mlivyokuwa mkisikiliza. Wengine mmeshamtafuta Obadia wenu. Mmeshampata, anakaa benchi la pili, na mnatamani nimtazame. Niacheni. Mimi nataka kuwauliza habari ya ile ngano.

Ngano ile ilikosa nini? Haikuwa dhaifu. Haikulala. Siku ile kutu mpya ilipotua, ngano ilikuwa macho kama siku zote, inamtafuta adui anayemjua. Ilikesha, ndugu zangu, na ikafa ikiwa inakesha. Basi nani ametuambia kwamba kukesha peke yake kunatosha, kama hatujui tena tunayemngoja ana sura gani?

Kila mmoja wetu ana dhambi moja anayoijua. Tumeshapambana nayo, tumeshaitolea ushuhuda, tunaijua kwa harufu na kwa hatua zake. Ikija mlangoni tunaifukuza. Tunashukuru, na tunafanya vizuri kushukuru. Lakini mnadhani ilikaa nje bila kubadilika?

Wewe baba, uliacha kupiga. Asante. Mkono wako haujainuka miaka mingi. Siku hizi ukikasirika unanyamaza wiki nzima, na nyumba nzima inatembea kwa vidole, na wewe unalala ukisema, mimi sipigi tena. Wewe mama uliacha umbea, hakika umeacha, hukai tena kibarazani. Ila kwenye maombi ya Alhamisi ndiyo unasema, tumwombee dada fulani, maana nasikia nyumbani kwake kuna hili na lile. Kijana wa ofisini, rushwa hupokei. Lakini mtu asiye na wa kumpigia simu, karatasi zake zinakaa chini ya nyingine mpaka lini? Na sisi wahubiri, ambao hatuibi sadaka, tunapenda vipi kusifiwa?

Kitu kile kile kimepoteza alama tuliyokuwa tunaijua, na tumekipisha kiingie, na tumekikalisha.

Hapo sina dawa rahisi ya kuwapa. Ngano haina jirani wa kuigusa bega na kuiambia, tazama shina lako. Sisi tunao. Wengine ni wasemaji, walishatuletea habari za nzige zikawa panzi. Mwingine ni mke wako. Mwingine ni mtoto ambaye tangu mwezi uliopita hakai sebuleni ukiingia, na hiyo ndiyo njia yake ya kukueleza. Tunawajibu haraka, kwa upole, na tunawaomba wasiseme kwa watu.

Wiki hii mmoja wao atakujia. Atakuwa amechagua siku mbaya, utakuwa na wageni, na maneno yake hayatapangika. Usimweleze ni vumbi. Msikilize mpaka amalize, kisha inuka, uende naye, ukaangalie.